Deni la Mwazimaji

Wazee wetu walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Onyo hili ni la haki kwa nguo, maana nguo ina mwenyewe, na mwenyewe aweza kuidai hata katikati ya karamu. Je, ni la haki kwa sanaa pia? Kisa kikiazimwa hakiondoki kwa mwenyewe. Wote wawili hubaki nacho, na pengine wa kwanza huonekana tajiri zaidi kwa kuwa wa pili alibisha hodi mlangoni pake. Basi nisemapo hapa juu ya kuazima, siulizi kama msanii anayo ruhusa. Anayo, na kama asingekuwa nayo pasingekuwa na sanaa duniani. Nauliza jambo jingine: akisha kuazima, anadaiwa nini, na mdai wake ni nani?

Mizani niliyoichagua ni sinema moja, wala sikuichagua kwa sababu inazipita nyingine zote kwa ubora. Star Wars, iliyotungwa na kuongozwa na Mmarekani George Lucas na kuonyeshwa mara ya kwanza Mei 1977, ni hadithi ya sayansi ya kubuni: ina vyombo vya anga, roboti wanaosema, na ngome ya chuma ya mviringo, kubwa kama mwezi, iwezayo kuivunja sayari nzima kwa pigo moja. Wengi walioitazama mwaka ule walidhani wameona jambo ambalo halijapata kuonekana. Kwa upande wa macho walikuwa na haki, kwa kuwa ufundi wa picha zile ulikuwa mpya. Kwa upande wa kisa hawakuwa nayo. Karibu kila kiungo cha mwili ule kilikwisha kuishi katika mwili mwingine.

Lucas alizaliwa mwaka 1944 katika mji wa Modesto, California, na utotoni alitazama katika televisheni sinema za mfululizo za Flash Gordon, zilizotengenezwa 1936, 1938 na 1940, ambamo shujaa aliachwa ukingoni mwa mauti mwisho wa kila sehemu ili mtazamaji arudi juma lijalo. Alipokuwa mtu mzima alitaka kutengeneza Flash Gordon yake, lakini wenye haki ya kisa hawakukubaliana naye. Kunyimwa nguo ndiko kulikomfanya ashone yake, na hata hivyo aliufuata mshono ule ule: maandishi yanayopanda na kupotelea mbali mwanzoni mwa picha yametoka katika mfululizo wa 1940. Metropolis ya Mjerumani Fritz Lang, ya mwaka 1927, ilimpa umbo la roboti aliye na kiwiliwili cha kibinadamu. Picha za vita zilimpa mapigano ya angani. Kabla mafundi wake hawajamaliza kazi, aliunga vipande vya sinema kuukuu za ndege za vita, vikawa kielelezo cha kufuatwa. Shambulio la mwisho juu ya ngome lina deni kwa The Dam Busters ya 1955, habari ya marubani wa Kiingereza waliobomoa mabwawa ya Ujerumani Mei 1943, na mpigapicha mkuu wa Star Wars, Gilbert Taylor, ndiye yule yule aliyeshughulikia picha za ufundi za filamu ile. Sinema za kauboi zilimpa baa ya wahuni, nyumba ya mkulima iliyo peke yake nyikani, na mtu wa bastola asiyeamini kitu ila fedha. Na Mjapani Akira Kurosawa alimpa kitu kikubwa kuliko hivyo vyote, nacho ni mahali pa kusimama wakati wa kusimulia. Nitalirudia jambo hilo, maana ndilo kiini cha hoja yangu.

Wako wasemao kwamba deni la msanii ni shauri la wanasheria, na kwamba mahakama ikinyamaza deni halipo. Mfano wao mzuri hauko mbali. Mwitalia Sergio Leone alitoa mwaka 1964 Per un pugno di dollari, picha ya kauboi ambayo karibu kila hatua yake iliikanyaga nyayo ya Yojimbo, kazi ya Kurosawa ya mwaka 1961. Hakuomba wala hakutaja. Wajapani walidai, na mwisho wa madai wakapewa asilimia 15 ya mapato ya picha ile. Mbele ya sheria shauri likafungwa. Walakini sheria hupima mfanano, haipimi heshima. Lucas hakudaiwa na Kurosawa hata senti moja, kwa sababu aligeuza mambo kiasi cha kutosha. Lakini je, kugeuza kiasi cha kutosha ndiko kulipa? Mwizi aliyeibadili chapa ya ng'ombe hakumnunua. Ameficha tu njia aliyomjia.

Tena Kurosawa mwenyewe hakuwa chemchemi isiyo na kijito nyuma yake. Mwaka 1951 aliigeuza riwaya ya Mrusi Dostoevsky ikawa ya Kijapani. Mwaka 1957 akamvika Macbeth wa Shakespeare deraya za samurai. Na mapenzi yake kwa sinema za kauboi za Mmarekani John Ford yalijulikana kwa wote. Kwa hiyo kauboi walipomwiga samurai walikuwa wakipokea kwa mkono wa kushoto walichokwisha kukitoa kwa mkono wa kulia. Tukimtafuta mwenye mali wa kwanza hatutampata, wala sioni kwamba ni lazima apatikane. Maadili ya kuazima hayategemei kujua mwanzo wa vitu.

Wengine husema kwamba deni la msanii hulipwa kwa shukrani. Hapa Lucas ana la kujivunia. Hakuficha kamwe jina la mwalimu wake. Alifanya zaidi: Kurosawa alipokuwa hapati fedha za kutosha kwa kazi zake nchini mwake, Lucas pamoja na Francis Ford Coppola waliishawishi kampuni ya 20th Century Fox itoe fedha za kumalizia Kagemusha, na mwaka 1980 picha hiyo ikagawana tuzo kuu ya Cannes. Mwaka 1990 Lucas na Steven Spielberg walisimama mbele ya dunia kumkabidhi mzee huyo Oscar ya heshima. Dawa ya deni ni kulipa, na mtu akisema kwamba mwanafunzi huyu alimlipa mwalimu wake sitabishana naye.

Lakini hapo ndipo ninapoiona njia ikigawanyika. Kisa si cha mtungaji peke yake. Ndani ya kisa wamo watu, na watu hao wanasimama badala ya watu wengine walio nje: maskini, mateka, wageni, walioshindwa. Mwazimaji akichukua kisa amewachukua na hao. Mtungaji aweza kulipwa kwa fedha, kwa tuzo au kwa neno jema. Wale waliomo ndani ya kisa hulipwa kwa njia moja tu, nayo ni namna wanavyotendewa katika nyumba mpya walikohamishiwa. Ninashikilia kwamba deni zito la mwazimaji ni hili.

Sasa turudi kwenye mahali pa kusimama. Mwishoni mwa mwaka 1958 Kurosawa alitoa The Hidden Fortress, habari ya binti mfalme Yuki na jemadari wake Rokurota wanaovuka nchi ya adui wakiwa wamebeba dhahabu ya ukoo. Mwingine angelianza na binti mfalme. Kurosawa alianza na wakulima wawili, Tahei na Matashichi, waliokwenda vitani kutafuta faida, wakachelewa, wakadhaniwa kuwa askari walioshindwa, wakalazimishwa kuzika maiti. Wana njaa, wana woga, wana tamaa, na hawaishi kugombana. Mambo makubwa ya wakuu twayaona kwa macho yao, yaani kwa macho ya watu ambao mambo makubwa huwakanyaga. Wagombana, watengana, kila mmoja akamatwa kwa njia yake, kisha wakutana tena utumwani. Msomaji aliyeiona Star Wars amekwisha kuwatambua: ni roboti wawili, C-3PO na R2-D2, wanaogombana jangwani, wakatengana, wakakamatwa na wachuuzi wa vyuma, wakakutana tena ndani ya gari la mateka. Kuchagua kuisimulia vita ya Dola kwa kuanzia na vitumishi vyake vya chini kabisa lilikuwa azimo la busara, na sidhani kama kuna lililoifaa picha ile zaidi.

Hata hivyo tazama kilichopotea njiani. Njaa ya Tahei na Matashichi ni njaa ya kweli. Tamaa yao yatuchekesha na kutuaibisha kwa pamoja, maana twaijua. Walipogeuzwa kuwa vyuma, umaskini wao ulikoma kuwa dhuluma ukawa desturi ya dunia ile. Katika picha ya Kijapani, Yuki amwona msichana wa nchi yake aliyeuzwa katika nyumba ya wageni, na amwamuru jemadari amnunue awe huru, ingawa kwa kufanya hivyo wote wajiongezea hatari. Katika picha ya Kimarekani roboti hununuliwa wakafanye kazi shambani, na kijana mwema tunayeambiwa tumpende huona jambo hilo kuwa la kawaida kama kununua majembe. Baadaye mwenye baa akataa roboti wasiingie mlangoni mwake, na hadithi yaendelea bila kugeuza uso. Mtu ataniambia kwamba hawa ni mashine tu. Ningelikubali kama picha yenyewe ingelikubali. Lakini picha imewapa woga, utani, uaminifu na uchungu wa kuachana. Imetuomba tuhuzunike mmoja wao alipoumia. Huwezi kumpa kiumbe moyo ukitaka machozi ya mtazamaji, kisha ukamwita chuma ukitaka kumuuza.

Tofauti hii huonekana wazi kabisa mwishoni, kwa kuwa picha zote mbili zamalizikia mbele ya binti mfalme agawaye zawadi. Kwa Kurosawa wanaoitwa kupokea ni wale wakulima wawili. Wapiga magoti hawaamini macho yao: mabaradhuli waliosafiri nao sasa wamevaa mavazi ya ukoo. Wapewa kipande kimoja tu cha dhahabu, nao waambiwa wagawane bila ugomvi. Huko nje, wale waliokuwa tayari kuuana kwa ajili ya dhahabu, kila mmoja amsihi mwenziwe akiweke yeye. Kicheko kinachotutoka hapo kimechanganyika na kitu kingine ambacho sina haja ya kukitaja.

Kwa Lucas wanaopokea nishani ni Luke, kijana wa shamba, na Han, yule mtu wa bastola. Chewbacca, rafiki wa Han mwenye manyoya, amepigana kama wao na ametembea nao hadi jukwaani, lakini hapewi kitu. Nishani yake ilichelewa hadi picha ya mwaka 2019, jambo ambalo mashabiki hulichekea, nami huliona kuwa ushahidi. Roboti wamesuguliwa wakang'aa, nao wamesimama kando. Na badala ya uwanda mtupu wa wakulima wawili kuna ukumbi mkubwa, safu juu ya safu za askari wasio na nyuso, na njia ndefu katikati yao ambayo mashujaa huipita kuelekea jukwaani. Watazamaji wengi wameitambua njia hiyo. Ni ile iliyopigwa picha na Leni Riefenstahl katika mkutano wa chama cha Hitler huko Nuremberg mwaka 1934, katika sinema yake Triumph des Willens iliyotoka mwaka 1935.

Nieleweke. Sisemi kwamba Lucas aliupenda ufashisti. Askari wake wabaya wamepewa hata jina walilotumia askari wa Ujerumani, na hadithi yote ni ya kuiangusha Dola. Wala sisemi kwamba watu kusimama katika safu ni dhambi. Gwaride ni gwaride. Lakini umbo la picha si chombo kitupu kinachotia maji au sumu bila kujali. Umbo lile lilibuniwa liseme neno moja: kwamba mtu mmoja mmoja si kitu, na kwamba utukufu huja kwa kupita katikati ya wasio kitu. Ukiliazima, neno hilo huja nalo hata kama hukulialika. Hapa basi mwazimaji alikuwa na wakopeshaji wawili mlangoni kwa saa moja. Mmoja alimpa wakulima na kipande kimoja cha dhahabu. Wa pili alimpa ukumbi na safu. Alimwachia wa pili aseme neno la mwisho, na watumishi waliobeba kisa tangu dakika ya kwanza wakageuzwa mapambo ya sherehe. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Kuna mahali pengine ambapo Lucas aliazima kwa macho yaliyofumbuka, na si haki kupanyamazia. John Ford, katika The Searchers ya 1956, alionyesha nyumba ya walowezi ikiteketezwa na Wakomanche, na Ethan Edwards akimtafuta kwa miaka mingi mtoto wa ndugu yake aliyetekwa, huku moyoni amekusudia kumuua kwa sababu amekwisha kuwa mmoja wao. Ford alimtilia shaka shujaa wake, na kwa hilo alikuwa mbele ya wenziwe wengi. Walakini mkuu wa Wakomanche alichezwa na mtu aliyezaliwa Ujerumani, na Wanavajo ambao nchi yao ndiyo iliyokuwa jukwaa walitumiwa kujaza kundi. Katika Star Wars nyumba ya mkulima yateketezwa vivyo hivyo, na Luke ayaona mabaki ya mjomba na shangazi yake. Lakini kabla ya hapo kuna jambo dogo ambalo mtazamaji mwenye haraka hulipita. Wale wachuuzi wa vyuma wamekutwa wameuawa, na alama zote zaonyesha kwamba wauaji ni watu wa mchangani, wenyeji wa jangwa lile. Mzee Obi-Wan azichunguza nyayo na majeraha, kisha asema si wao: ni askari wa Dola waliotaka wenyeji wasingiziwe. Kwa pigo hilo moja, sinema za kauboi za miaka hamsini zimehojiwa. Ni nani aliyechoma? Na ni nani aliyefaidika kwa kusema kwamba wenyeji ndio waliochoma?

Inasikitisha kwamba swali hilo liliulizwa mara moja likaachwa. Watu wa mchangani hawana jina, hawana nyuso, na sauti zao ni za wanyama. Jangwa lao lilipigwa picha Tunisia mwaka 1976, na jina la sayari, Tatooine, lafanana na la mji wa Tataouine kusini mwa nchi hiyo. Nyumba ya Luke ni nyumba ya kweli ya Waamazigh wa Matmata, iliyochimbwa chini ya ardhi kwa hekima ya watu waliolijua jua. Kwa hiyo mlowezi wa hadithi alikaa katika nyumba ya mwenyeji wa kweli, na mwenyeji wa hadithi akaachiwa bonde na kelele. Katika picha ya tatu, ya mwaka 1983, rubani mmoja wa sayari ya mbali asema maneno ambayo mtazamaji wa Marekani aliyapokea kama mlio wa anga. Mtazamaji wa Nyeri aliyasikia kuwa Kikikuyu, kwa kuwa aliyeyatamka alikuwa Mkenya, Kipsang Rotich. Sioni kosa kubwa hapo, na nimefurahi kwamba aliitwa tena kuitia sauti sura ile ile mwaka 2015. Naona tu jinsi lugha ya jirani yangu ilivyotosha kuwa ishara ya mbali kupita kote.

Lucas aliwarudia watu wa mchangani mwaka 2002. Anakin, ambaye baadaye atakuwa jabari wa Dola, amtafuta mama yake aliyetekwa nao, kama Ethan alivyomtafuta mtoto wa ndugu yake. Amkuta akikata roho, naye awaua wote kambini, wanaume, wanawake na watoto, na baadaye akiri kwa kinywa chake. Ethan wa Ford alizuia mkono wake dakika ya mwisho; Anakin hakuuzuia. Hapo msanii alilisoma upya azimo lake la kale na akaonyesha kilichokuwa kimejificha ndani yake: kwamba anayewaona wengine kuwa wanyama amekwisha kuanza safari ya kuwa mtumishi wa Dola. Nawajua walioicheka picha ile kwa mazungumzo yake ya mapenzi, na kwa hayo hawakukosea. Kwa jambo hili ilistahili kutazamwa vizuri zaidi.

Desemba 2021, Lucas akiwa amekwisha kuiuza kampuni yake kwa Disney, ulianza kuonyeshwa mfululizo wa The Book of Boba Fett. Ndani yake, kwa mara ya kwanza, watu wa mchangani wana jamii, mafunzo, ngoma na jando. Waeleza kwamba nchi yao ilikuwa bahari kabla haijakauka, na kwamba wao ndio waliokuwapo. Mgeni afundishwa kuchonga silaha yake kwa mti na kucheza nao motoni, na aliyemwigiza, Temuera Morrison, ni Mmaori aliyeingiza humo desturi za kwao. Katika sehemu ya tatu mgeni huyo arudi kambini na kukuta mahema yameungua na wote wamekufa. Ukutani mwa hema pameachwa alama ya genge moja ili lisingiziwe. Awachoma maiti kwa heshima, kisha aendelea na kisa chake, kilichobakiwa na sehemu nne.